Kabla Hujakata Tiketi ya Nchi Jirani

Msomaji mpenzi, mtu akisimama stesheni na kutazama reli zilivyonyooka mpaka upeo wa macho, aweza kudhani kwamba njia ile ni moja tu, na kwamba mwenye tiketi mkononi hana la kuhangaikia tena ila kupanda na kukaa. Kwa safari fupi za ndani ya nchi, mawazo hayo hayana hasara kubwa. Lakini kwa safari ya kuvuka mpaka, hasa ukifuatana na mzee, mambo ni mengine. Tiketi huishia pale inapoishia reli ya yule aliyeiuza. Toka hapo mpaka mahali reli nyingine inapoanzia, hakuna wa kukuongoza ila akili yako na matayarisho uliyoyafanya nyumbani.

Nataka kukueleza namna tulivyopanga safari ya mama yangu kwenda Zambia mwaka 2018, ili nawe siku ikikulazimu usianze gizani.

Mama ni mtu wa wilaya ya Kilosa. Kaka yake, yaani mjomba wangu, aliondoka nyumbani akiwa kijana kwenda kufanya kazi ya kujenga reli ya TAZARA. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1970, Wachina na vijana wetu wa Tanzania na Zambia wakifanya kazi bega kwa bega, na mwezi wa Julai 1976 ikakabidhiwa kwa serikali zetu mbili. Mjomba hakurudi. Alipata kazi Mpika, kwenye karakana ya reli, akaoa huko, na alipostaafu akahamia Kabwe, karibu na ndugu za mkewe. Mama alimwona mara ya mwisho mwaka 1989. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2018 tukapata simu kutoka kwa mjukuu wake kwamba babu ni mgonjwa na anamwuliza dada yake.

Mama aliuza ufuta wake wote wa msimu. Fedha ile ilitosha safari moja, ya kwenda na kurudi, wala haikutosha kurudia safari iliyoharibika. Basi ndipo nikaona kwamba hapana budi tupange kila kitu kwa kalamu na karatasi.

Labda utauliza, kwa nini hamkupanda basi? Basi la kwenda Zambia lina haraka, sikatai. Lakini mama miguu yake huvimba akikaa mda mrefu, na katika basi hakuna pa kujinyosha. Katika treni kuna vitanda. Kwa mzee, kulala chali usiku wawili kwapita upesi wote wa basi.

Jambo la kwanza lilikuwa karatasi zake, wala siyo tiketi. Mama hakuwa na pasipoti, na pasipoti haipatikani bila cheti cha kuzaliwa, nacho hakuwa nacho. Kama ilivyo kwa wazee wengi wa vijijini, maandishi pekee yanayoonyesha siku aliyozaliwa yamo katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Mimi ni karani wa parokia, kazi ya kufungua vitabu hivyo ni yangu. Nikamtafuta, nikamwona: mwaka 1950, jina lake, majina ya wazazi wake, na ya msimamizi wake. Kwa cheti cha ubatizo tukaomba cheti cha kuzaliwa, na kwa cheti cha kuzaliwa tukaenda Morogoro, Idara ya Uhamiaji, akachukuliwa alama za vidole. Kazi hiyo ilikula miezi mitatu. Ndiyo maana nasema, msomaji, kama unaye ndugu ng'ambo ya mpaka, anza na karatasi leo hii, kabla simu ya ugonjwa haijapigwa. Kwenda Zambia Mtanzania haombi visa, lakini pasipoti huulizwa, na yafaa kuwa na kadi ya chanjo mkononi.

Pili, tukatazama njia. Hapa ndipo wengi hawajui. Sisi wa Kilosa tumekaa juu ya reli ya kati, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Upana wake, toka chuma hiki mpaka kile, ni mita moja kamili, yaani milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, kwa sababu ilikusudiwa kuungana na reli za Zambia na za nchi za kusini, ambazo ni za kipimo hicho. Tofauti ni milimita 67, karibu sawa na vidole vinne vya mkono ukivibananisha. Lakini kwa ajili ya vidole vinne hivyo, behewa la reli ya kati haliwezi kuingia reli ya TAZARA kabisa. Zinakutana Kidatu, na kazi ya mahali pale ni kuhamisha mizigo kutoka bogi la reli hii kwenda bogi la reli ile. Abiria anayetaka kuunganisha treni ampasa kwenda Dar es Salaam.

Na huko Dar es Salaam stesheni ni mbalimbali. Ya reli ya kati ipo mjini, karibu na bandari. Ya TAZARA ipo barabara ya Nyerere, upande wa kwenda uwanja wa ndege. Anayeshuka ya kwanza hana budi kuvuka mji na mizigo yake mpaka ya pili. Siku hizi imeongezeka ya tatu, kwa kuwa treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na baadaye mwaka huohuo zikafika Dodoma. Reli hiyo mpya ina upana wa milimita 1,435. Basi ukiambiwa, "Nenda ukakate tiketi ya treni," uliza kwanza, treni ipi, na stesheni ipi.

Ilikuwapo njia nyingine ya mkato. Tungeweza kupanda basi kwenda Ifakara na kuingia treni ya TAZARA hapo njiani, na tungeokoa siku mbili. Tuliipima, tukaiacha. Treni inapoanza safari, vitanda vyote vipo. Katikati ya njia hupati ila kilichobaki, na kama kimebaki kitanda cha juu peke yake, mwanamke wa miaka 68 atakipandaje? Tukaamua kwenda mwanzo wa reli.

Tatu ni siku na saa. Miaka ile treni za TAZARA za kwenda Zambia zilikuwa mbili kwa juma, moja Jumanne na nyingine Ijumaa. Anayekosa ya Ijumaa angoje mpaka Jumanne, ale na kulala kwa fedha yake. Kwa hiyo tuliingia Dar es Salaam siku mbili kabla, tukakaa kwa binamu yetu Vingunguti. Wengine walituona wavivu. Lakini reli ni njia moja, treni hupishana stesheni, na jambo dogo lililotokea mbali laweza kukuchelewesha wewe uliye huku. Usipange kamwe kushuka treni hii asubuhi na kupanda ile alasiri ya siku ileile, ikiwa kuikosa ya pili ni kuharibu safari nzima.

Halafu jihadhari na saa zilizoandikwa kwenye ratiba. Nilisomea ualimu chuoni, na nimewafundisha watu wazima hesabu hii mara nyingi. Ukiona imeandikwa 15.50, toa sita. Inabaki 9.50, yaani saa tisa na dakika hamsini alasiri. Ukiona 5.30, jumlisha sita, ni saa kumi na moja u nusu alfajiri. Zaidi ya hayo, saa ya Zambia iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Saa kumi ya Tanzania ni saa tisa kwao. Ukimwagiza mtu akupokee, sema saa ya nani. Na usimtajie jina la siku peke yake, mtajie tarehe. Mjukuu wa mjomba hajui Kiswahili sana, na mimi Kibemba sijui hata neno. Tulielewana kwa tarehe: tunaondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti, tunafika Kapiri Mposhi tarehe 12.

Nne ni tiketi yenyewe. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, la pili vyumba vya vitanda sita, la tatu ni viti. Katika vyumba vya kulala wanaume huwekwa mbali na wanawake, isipokuwa watu wamekata chumba kizima. Fikiri sasa: mimi ningemsindikiza mama peke yangu, angelala na wageni, na mimi ningekuwa chumba kingine, nisijue usiku kama anataka maji au anaumwa. Kukata chumba kizima hatukuwa na uwezo. Basi dada yangu akaja pamoja nasi. Yeye na mama wakapata chumba cha wanawake daraja la pili, mama kitanda cha chini, nami nikalala na wanaume katika behewa lilelile. Nauli ya mtu wa tatu ilituuma, lakini bila dada safari ile isingefaa kitu, kama utakavyoona.

Tiketi nunua dirishani tu, kutoka kwa karani wa stesheni, wala si kwa vishoka wanaozunguka nje na maneno matamu. Na usiondoke dirishani kabla hujaisoma: jina, tarehe, stesheni unakoshukia, namba ya behewa, namba ya kitanda. Karani ni binadamu, ana foleni ndefu mbele yake, nami najua kazi ya ukarani ilivyo. Neno likikosewa, hapo hapo hurekebishwa kwa dakika moja. Likigunduliwa ndani ya treni, ni kesi.

Tano ni fedha. Nilichukua bahasha tatu za ofisini. Ya kwanza shilingi za matumizi mpaka mpakani. Ya pili kwacha chache za siku ya kwanza ya Zambia, ili tusifike mahali tukashindwa kununua hata maji. Ya tatu ilikuwa ya nauli ya kurudi, na hiyo dada aliishona ndani ya gauni lake. Mpakani wako wabadilisha fedha wengi. Jua bei ya siku hiyo kabla, hesabu mbele ya macho yao, wala usitoe bahasha nzima hadharani.

Basi, Ijumaa ile alasiri tukaondoka. Ndugu zangu, nchi yetu ni kubwa na nzuri. Treni hupita katika pori la wanyama lililoitwa Selous wakati ule, kisha bonde la Kilombero, na baada ya Mlimba hupanda milima kwenda Makambako, ikiingia handaki hili na kutoka lile, daraja baada ya daraja. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kwa wajenzi, na ndipo mjomba alipofanya kazi ujana wake. Mama alikaa dirishani, hakulala.

Siku ya pili tukapita Mbeya, tukafika Tunduma. Maofisa wa Uhamiaji wa nchi zote mbili huingia ndani ya treni. Hapa, msomaji, sikiliza vizuri. Ofisa wa Zambia, upande wa Nakonde, huuliza unakaa siku ngapi, na kadiri atakavyoandika ndivyo utakavyokaa. Nami nilikuwa na ruhusa ya majuma mawili tu kazini, nikajibu hivyo. Mama alipoulizwa akasema kwa Kiswahili, "Baba, nakwenda kumwuguza kaka yangu. Mgonjwa hana tarehe." Ofisa akacheka kidogo, akawapa yeye na dada siku thelathini.

Jumapili tukafika Kapiri Mposhi. Toka Dar es Salaam ni kilomita 1,860, na hapo reli ya TAZARA huisha. Hapana kosa kwamba reli ya Zambia ipo palepale mjini, na upana wake ni uleule. Bogi la mizigo laweza kutoka bandari ya Dar es Salaam, likapita hapo, likavuka daraja la Victoria Falls na kufika nchi za kusini bila kushusha kitu. Bogi lina bahati kuliko abiria. Wewe utashuka, utatoka nje ya stesheni, na kama unataka treni ya Zambia, stesheni yake ipo umbali wa kilomita mbili hivi, na tiketi yake ni nyingine, kwa fedha nyingine, na kwa ratiba ambayo haikungojei. Kilomita mbili si kitu kwa kijana. Kwa mama, na jua, na mabegi, na vijana kumi wanaonyang'anyana kumchukulia mzigo kwa lugha asiyoijua, ni mbali kuliko zile elfu moja mia nane na sitini.

Lakini mjukuu alikuwapo. Tulikuwa tumeagana avae kofia nyekundu, asimame mlangoni, na asiondoke mpaka treni ije, hata ikija kesho yake, hata watu wamwambie nini. Alikuwa amekwisha kupatana bei ya gari. Kutoka hapo mpaka Kabwe ni zaidi ya kilomita sitini, tukaenda kwa basi dogo, na jioni ile tukafika.

Mjomba alikuwa ameketi kitini, chini ya mti, amefunikwa blanketi. Hakuuliza habari za nyumbani. Neno lake la kwanza kwa mama lilikuwa, "Umepita kwenye mahandaki?"

Mama akajibu, "Nimepita yote, kaka. Nilikuwa nahesabu."

Sasa nifike jambo la sita, nalo ndilo lililonifanya niandike. Tulipokuwa Dar es Salaam, ndugu kadhaa walitushauri tukate kabisa tiketi za kurudi, tujue moja. Mama alikataa, nasi tukamkubalia, fedha ikabaki katika gauni la dada. Mimi muda wangu ulipokwisha nilipanda treni Ijumaa, tarehe 24 Agosti, nikarudi kazini. Mama na dada wakabaki. Mjomba alikufa tarehe 30, dada yake amemshika mkono. Walizika, wakakaa matanga siku zilizowezekana, mjukuu akaenda Kapiri Mposhi mapema kuwakatia vitanda, na Ijumaa ya tarehe 7 Septemba wakapanda treni. Walivuka mpaka kabla zile siku thelathini hazijaisha.

Hebu pima mwenyewe. Kama tiketi ya kurudi ingekuwa imekatwa ya tarehe yangu, mama angeondoka siku sita kabla ya kifo cha kaka yake. Kama dada hangekuwapo, ningelazimika kumrudisha mama, au kumwacha peke yake ugenini. Kama mama angejibu mpakani kwamba anakaa majuma mawili, kwa sababu mimi nilijibu hivyo, angekaa matanga akiwa amevunja sheria ya nchi ya watu. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye tiketi yoyote. Yalikuwa katikati ya tiketi na tiketi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Usiandike treni tu, andika kila mahali utakaposhuka kitu kimoja na kupanda kingine. Kwa safari yetu mahali hapo palikuwa pane: Kilosa, Dar es Salaam, mpakani, na Kapiri Mposhi. Mbele ya kila mahali andika mambo matano: tarehe, saa na ni saa ya nani, fedha gani itatumika, nani atakayekupokea, na utafanya nini ukichelewa. Palipo na nafasi tupu, hapo ndipo safari yako itakapokatika. Usikate tiketi mpaka nafasi zote zijae. Tiketi ya kurudi iache kama unakwenda kwa mgonjwa, ila nauli yake itenge, isiguswe.

Wala usitumie ratiba ya mwaka jana, wala hii yangu. Ratiba za treni za kwenda Zambia zimebadilika mara nyingi miaka hii, na safari za abiria zimewahi kusimamishwa. Nenda stesheni mwenyewe, au mtume mtu mwenye kusoma vizuri, uulize siku za treni kabla hujauza hata debe moja la mahindi. Kuuliza si ujinga. Ukiwa mbali na stesheni, njoo ofisi ya parokia yako. Karani aliyepo atakuandikia barua, na ukitaka kumtafuta mzee wako katika kitabu cha ubatizo, afungue kitabu akutafutie.

Nawatakia safari njema, nanyi mnaongoja wageni kutoka mbali, msiondoke stesheni mapema.